Mwenye Boma Asiye na Ng'ombe

Mambo yote yalinigharimu kodi ya shilingi arobaini na nane, mbuzi wawili ambao shemeji zangu waliwala bila kunibakishia hata ulimi, blanketi moja la mama mkwe, na nauli ya kwenda Mombasa kumtuliza mume wangu. Nimejumlisha kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, na jibu ni lile lile. Kuna pia ng'ombe mmoja mwekundu, lakini huyo hakutoka mfukoni mwangu, kwa hiyo kwa miaka mingi sikumtia katika hesabu. Alitoka kwa mtu tuliyemwita Mwenye Boma.

Boma lake lilikuwa Marungu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Voi. Alilizungushia miiba kwa tabaka tatu, hata simba wa mbugani walikuwa wakifika, wanalitazama, wanakwenda kutafuta maisha kwa watu wazembe. Yeye mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu kama ubao wa mlango, na alivaa koti zito la jeshi mwaka mzima. Unajua joto la Voi. Mimi niliwahi kumwuliza, "Mzee, hilo koti hulioni zito?" Akanijibu, "Hili koti linazuia baridi." Nikamwambia hakuna baridi. Akasema, "Unaona? Linafanya kazi."

Kabla sijaendelea, nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu halielezi kwa mgeni. Mtaita mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote nyumbani kwake. Ukimwuliza kwa nini, atasema ni kwa ajili ya ugonjwa: ukiingia katika boma moja, usimmalize. Sababu yenyewe ni shemeji. Ni wakwe, ni wajomba, ni kila mwenye tumbo na macho. Basi unamtafuta mtu wa nyanda za chini mwenye majani na mwenye mdomo mzito, unampa ng'ombe wako akulindie. Yeye atakunywa maziwa, na kila baada ya kipindi utamkatia ndama mmoja awe mali yake. Wewe unarudi zako mjini mikono mitupu, unalalamika maisha magumu kama watu wengine.

Mwenye Boma alikuwa na mdomo mzito kuliko wote. Tulimwita Mwenye Boma kwa kuwa boma lilikuwa lake kweli. Waliokuwa ndani ndio waliokuwa na wenyewe.

Mimi wakati huo nilikuwa nauza vitunguu na nyanya karibu na stesheni ya Voi. Nilinunua huko Mbololo kwa bei ya machozi, na nikauza kwa abiria wa gari la moshi kwa bei ya haraka, maana mtu aliye dirishani na gari limeshapiga honi habishani sana. Kwa faida ya misimu miwili nilinunua mtamba. Mume wangu alikuwa Mombasa, bandarini, na ndugu zake walikuwa hapa, karibu mno. Wangejua nina mtamba wangesema mke ni wa ukoo, na ng'ombe wa mke je? Kwa hiyo nilimpeleka Marungu alfajiri, na niliporudi nilimwambia mama mkwe nilikuwa maombini. Si uongo kamili. Njia nzima niliomba nisikutane na mtu.

Siku ile Mwenye Boma alimzunguka mtamba wangu, akamshika sikio, akaniuliza swali moja tu.

"Nani anajua?"

"Mimi na wewe, mzee."

"Basi tumeshakuwa wengi," akasema, akafungua lango.

Alikuwa na misemo yake. "Ng'ombe hana kinywa cha kumtaja mwenyewe." "Mwenye mali halali usingizi, ndiyo maana mimi nakoroma." Na ukimsumbua kwa maswali alisema, "Hilo waulize wanaolijua," hata kama anayelijua ni yeye.

Lakini usidhani nakuchorea malaika. Mtu huyu ukimpa ng'ombe atakurudishia ng'ombe na ndama na habari ya kila jino lililong'oka. Ukimpa kiberiti, sahau. Alikuja kwenye kibanda changu kila siku ya soko, anakaa juu ya gunia langu la vitunguu kama ni kochi, anaomba kiberiti awashe kiko, na kiberiti kinaingia katika lile koti kisirudi tena duniani. Nadhani ndani ya koti lile kulikuwa na kiwanda. Katika mchezo wa drafti alikuwa mwizi wa mchana kweupe. Alisogeza kete kwa kiwiko huku akikuonyesha ndege angani. Na kanisani alikuwa mwimbaji wa sauti ya chini, mwenye tabia ya kumaliza wimbo baada ya wenzake wote, peke yake, kwa fahari. Nilipomsema kuhusu viberiti alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mama Kitunguu, hicho ni kitu kidogo. Mtu akiwa mwaminifu kwa vitu vidogo, atapata wapi nafasi ya vikubwa?"

Jambo jingine: hakula nyama ya ng'ombe. Harusini alikula wali na mchuzi, akisukuma mapande pembeni ya sahani. "Huenda nilimjua mama yake," alisema.

Miaka ikapita, mtamba wangu akazaa na wazao wake wakazaa, kisha ukaja mwaka wa kiangazi. Majani ya Marungu yalikwisha, ng'ombe wakabaki mbavu na macho. Wanunuzi wa mifugo wakatangaza mnada, na sisi tuliokuwa na ng'ombe kwake tukampelekea habari, kila mmoja kivyake, kila mmoja kwa siri yake: uza. Tulikuwa watatu. Wa kwanza ni mwinjilisti wetu, aliyekuwa akihubiri kila Jumapili juu ya tajiri na tundu la sindano. Huyo aliuza watano. Wa pili ni mwalimu, aliyekuwa bado hajamaliza kulipa mahari kwa wakwe zake wa Rukanga, na aliwaapia wakwe hao kwamba hana hata ng'ombe wa kukamua chai. Huyo wanne. Mimi watatu. Mwenye Boma mwenyewe alikuwa na ng'ombe wawili tu maishani mwake. Akamtoa mmoja, akambakiza yule mwekundu. Jumla kumi na watatu. Hesabu tena ukitaka.

Aliwaswaga hadi mnadani Voi yeye mwenyewe. Karani wa wanunuzi alikuwa na haraka. Aliona boma moja limeleta, akaandika jina moja kwa wote. Mwenye Boma akapokea fedha, akazunguka na lile koti milango mitatu, na kila mtu akapata zake kamili. Zangu nilizihesabu mara mbili mbele yake. Hakuudhika. Alisema, "Hesabu ya tatu utafanya nikiondoka, najua."

Wakati ule kila mtu alilipa kodi kwa kadiri ya kipato chake, na kamati ya chifu ndiyo iliyokadiria. Mwenye Boma siku zote alikuwa katika daraja la chini kabisa, shilingi arobaini na nane kwa mwaka, sawa na watu wote wasio na kitu. Kamati ilipokaa mara hii, orodha ya mnada ilikuwa mezani. Ng'ombe kumi na watatu, mtu mmoja. Wakampandisha daraja hadi juu kabisa, huko waliko madaktari na mameneja wa mashamba ya mkonge: mia sita. Nusu alipe mwisho wa mwezi, nusu baadaye, na asipolipa askari wa chifu wataingia bomani wachukue ng'ombe wenye thamani ya deni.

Nilikuwepo barazani siku alipoitwa. Nilijipanga nyuma, penye kivuli.

"Hawa ng'ombe waliuzwa na nani?" chifu akauliza.

"Na mimi."

"Walikuwa wako?"

"Mmoja."

"Na kumi na wawili?"

"Wa watu."

"Watu gani, mzee?"

"Watu wenye ng'ombe."

Baraza likacheka. Chifu hakucheka. "Taja majina, tuwaandike wao, wewe uende nyumbani."

Mwenye Boma akaangalia paa la mabati. Mwinjilisti, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele kwa heshima, akapata ghafla kazi ya kufunga kamba za viatu. Mwalimu akasafisha miwani. Mimi nilikuwa nimeshahesabu nguzo za ukumbi mara mbili.

"Hilo waulize wanaolijua," Mwenye Boma akasema. Akaandikiwa mia sita.

Jioni ile watatu tulikutana nyuma ya kibanda changu. Hapo ndipo tulipojuana, maana kabla ya hapo kila mmoja alidhani yeye ndiye mwenye siri.

"Mwinjilisti, kumbe na wewe!" mwalimu akasema.

"Mali ya Bwana," mwinjilisti akajibu. "Mimi ni mlinzi tu."

"Mlinzi ni yule aliyeandikiwa mia sita," nikasema. "Sasa nani aende kwa chifu aseme ukweli?"

"Tusiharakishe," mwalimu akasema. "Jambo likiharakishwa wakwe husikia."

"Mimi nitamwombea," mwinjilisti akasema.

"Ombi lako lina thamani ya shilingi ngapi? Kwa sababu analohitaji ni mia tatu mwisho wa mwezi."

"Basi anza wewe, Mama Kitunguu. Wewe una watatu tu, aibu yako ni ndogo."

Nikamwambia aibu haipimwi kwa vichwa. Mwenye watano aanze, kisha wanne, kisha watatu; hiyo ndiyo hesabu. Tukabishana hadi mafuta ya taa yakaisha, yangu, na tukaachana bila mtu wa kuanza.

Mwisho wa mwezi askari wawili wa chifu walikwenda Marungu. Walisimama langoni wakimtazama maksai mmoja wa mwinjilisti, aliyebaki mnene licha ya kiangazi, wakionyeshana kwa fimbo. Mwenye Boma akawaambia, "Huyo hapana. Mwekundu ndiye wangu." Wakamwambia mwekundu amekonda. "Amekonda, lakini ni wangu." Akamswaga mwenyewe hadi kwa mchinjaji wa Voi, akauza, akaongezea fedha za yule wa mnadani, ikatimia mia tatu. Alipopita mbele ya kibanda changu akirudi hakukaa juu ya gunia. Hakuomba kiberiti. Nilimwita, akanyanyua mkono, akapita na koti lake.

Sasa boma lilikuwa na ng'ombe kumi na saba, na wake hayumo hata mmoja. Na mia tatu nyingine ilikuwa inakuja, na safari hii hakuwa na mwekundu wa kuwaonyesha askari.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, Mwenye Boma akasimama. Alikuwa hajawahi kusimama. Yeye ushuhuda wake ulikuwa ile sauti ya mwisho ya wimbo.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Ndugu zangu, mimi nilijijua maskini. Lakini serikali ina macho. Imenitazama ikaona nimeuza ng'ombe kumi na watatu. Nilikataa. Wakaniambia karatasi haikosei. Nimetafakari wiki nzima, nimeona mimi ni nani nibishane na karatasi? Nimekubali. Walikuwa wangu."

Watu wakaanza kucheka kidogo. Mwinjilisti, pale mbele, hakucheka.

"Sasa," akaendelea taratibu, "kama wale kumi na watatu walikuwa wangu, mama zao na ndugu zao waliobaki bomani ni wa nani? Akili ni nywele. Ni wangu. Kesho naenda kwa DO kuwaandikisha wote kumi na saba kwa jina langu, nisije nikasemwa nimeficha. Kesho kutwa wapwa zangu wa Mbololo wanakuja kuchagua wa mahari. Na maksai mmoja mnene nimemtoa leo kwa kanisa hili, tule wote, tumshukuru Mungu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Sijawahi kusikia vigelegele vyenye njaa namna ile.

"Mwinjilisti," akasema kwa upole, "naomba uniombee shukrani kwa ajili ya ng'ombe wangu."

Kanisa lote likainamisha vichwa. Mimi niliacha jicho moja wazi, kwa sababu jambo kama hili halirudiwi. Zamu ilikuwa ya mwinjilisti. Angesema nini? Akisema ng'ombe si wa huyu, ni lazima aseme ni wa nani. Mwisho akaomba. Alimshukuru Mungu kwa ng'ombe wake mwenyewe, mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu aliyekwamwa na mfupa, na akasema amina. Mwenye Boma akaitikia baada ya watu wote, peke yake, kwa ile sauti ya chini.

Jumatatu nilifika kwa DO kabla ofisi haijafunguliwa. Mwalimu alikuwa ameshafika, akaniambia amekuja kuulizia chaki. Nyuma ya ua la waridi niliona kofia ya mwinjilisti. Mwenye Boma alikuwa ameketi kwenye baraza ya ofisi, kiko mdomoni, bila moto.

DO, yule ofisa wa serikali aliye juu ya chifu, alikuwa kijana wa bara, mtu wa makabila ya ng'ombe, na nadhani alifurahia asubuhi ile kuliko mshahara wake. Tulimweleza, tukikatizana. Akauliza, "Risiti mnazo?" Hatuna. "Maandishi yoyote?" Hakuna. "Basi nitajuaje kwamba ninyi si matapeli mnaotaka mali ya mzee?"

Nikamwambia aniulize habari za ng'ombe wangu. Nikamweleza yule mweusi wa baka nyongani, mama yake nilimnunua wapi kwa vitunguu vya mwaka gani, alizaa mara ngapi, na yupi alivunjika pembe kwenye lango. Mwalimu akafuata. Mwinjilisti aliwataja wake hadi bibi zao, jina kwa jina, kama mtu anayesoma vizazi kutoka Adamu, na hapo ndipo nilipojua kwamba mtu yule anapenda kitu duniani.

DO akamgeukia Mwenye Boma. "Wanasema kweli?"

"Kweli."

"Kwa nini hukuwataja barazani, mzee? Ungeokoa ng'ombe wako."

"Waliniwekea ng'ombe na majina yao. Ng'ombe, waliniambia niuze. Majina hawajaniambia."

DO akaandika kwa muda mrefu. Mapato yakagawanywa, kila mtu wake: watano, wanne, watatu, mmoja. Mwenye Boma akarudishwa daraja lake la zamani. Mimi nikaandikwa mlipa kodi kwa mara ya kwanza. Ile mia tatu aliyokwisha kutoa, DO alisema, haiwezi kurudishwa taslimu. Itahesabiwa katika kodi ya miaka inayokuja. Tukaona ni haki. Haikupita muda kodi yenyewe ikafutwa nchi nzima, watu wakashangilia sokoni, na kodi ya miaka inayokuja ikawa haiji. Sijui kama kuna mtu mwingine Kenya nzima aliyepata hasara kwa kufutiwa kodi.

Habari haikukaa ofisini. Wiki hiyo hiyo wakwe wa Rukanga walishuka saba, na fimbo, wakaondoka na wanne. Mwinjilisti alibadilisha somo. Tundu la sindano hatukulisikia tena. Kwangu walikuja shemeji, na mengine nimekwisha kuyasema pale juu. Tulikwenda kwa Mwenye Boma kila mmoja kivyake tukamwahidi ndama, mmoja badala ya mwekundu na wa malipo ya ulezi pia. Mimi nilimwambia, "Subiri mweusi wangu azae jike, mzee, dume halikufai." Akazaa jike. Nikamwambia subiri akue kidogo. Mimi ni mfanyabiashara. Siku zote kuna sababu nzuri ya kulipa wiki ijayo.

Nilimwona mara ya mwisho miaka zaidi ya kumi baadaye. Nilikuwa na duka wakati huo, mlango wa chuma na mizani ya kweli. Mwinjilisti alikuwa amekufa na watoto wake waliuza mifugo yao. Mwalimu alihamishia wake kwake, maana hakukuwa na haja tena ya kumficha mtu. Wangu walikuwa bado Marungu. Mwenye Boma aliingia na koti lile lile, limebaki nyuzi na vifungo, akatafuta gunia la vitunguu, akakosa, akakaa kwenye kiti kama mgeni. Akaomba kiberiti. Nikampa. Kikaingia mfukoni.

"Juzi walikuja wa chanjo," akasema. "Kijana mmoja na sindano. Ameniuliza, mzee, una ng'ombe wangapi? Nikamwambia sina. Akatazama bomani, kumi na mmoja wanatafuna. Akacheka. Akasema nimwonyeshe basi walau mmoja wangu, aanze naye."

Nikamwuliza, "Ukamwonyesha yupi?"

"Nilinyoosha mkono. Nikaurudisha."

Nikavuta kalamu. Nilimwambia ana haki, tulitazame jambo hili vizuri. Bei ya mwekundu ya siku zile, na alikuwa amekonda. Gawanya kwa watatu, maana tulikuwa watatu. Marehemu sehemu yake na idaiwe kwa watoto wake, ya mwalimu nitamwandikia. Ndama wa ulezi wapo, sikatai, lakini na maziwa aliyokunywa miaka yote hii nayo yana thamani. Nikaandika, nikajumlisha kwenda chini, nikaanza kujumlisha kwenda juu.

Akaweka kiganja chake juu ya karatasi. Kilikuwa kikavu na kizito.

"Mama Kitunguu," akasema, "sikuombi hesabu. Naomba ng'ombe."